Nilisimama Kanisani Nikasema Hakiumi

Jumanne. Kimulot, ukungu tangu asubuhi.

Hii sijaambia mtu yeyote, naiandika tu kwa simu: kichwa changu bado kinauma.

Nilianguka mwezi uliopita nikipeleka majani ya chai kituo cha kununulia. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka tu kunyesha. Nikateleza, kisogo kikagonga ngazi ya saruji. Daktari alisema ubongo umetikisika, nipumzike, nirudi shule polepole, na maumivu yakirudi nisinyamaze.

Nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata Mama alinishika mkono kanisani akanisimamisha, nikaombewa. Mimi, ambaye hata kujibu jina langu darasani natetemeka! Pasta akauliza, "Kichwa kinauma?" Mama alikuwa ananiangalia vile hajawahi kuniangalia. Nikasema, "Hakiumi. Bwana asifiwe." Kanisa lote likapiga makofi. Mama akalia.

Tangu siku hiyo mimi ni ushuhuda. Wamama tukikutana njiani wananishika kichwa: "Si huyu ndiye Mungu aliponya?" Sasa nitawaambia nini? Kwamba aliponya nusu?

Darasani maandishi ya ubaoni yanacheza-cheza. Mwalimu anadhani nimekuwa mvivu. Jana kaka yangu Kibet alinipata nimekaa jikoni kwa giza. "Wee, kwani ulipona kila kitu isipokuwa kuosha sufuria?" Nikacheka. Hata kucheka kunauma.

Lakini kuna kitu nimeona. Nikichuma chai peke yangu, kichwa kinatulia. Mama akitokea tu aniulize, "Uko sawa, mami?" kinaanza kugonga kabla sijajibu. Daktari alikuwa ameniambia wasiwasi unaweza kufanya maumivu yachelewe kuisha, na hiyo haimaanishi naigiza. Nilidhani anaongea juu ya watu wengine.

Naogopa Mama ataaibika mbele ya kanisa. Naogopa zaidi atasema sina imani. Lakini nitaponaje nikijificha kwa mtu anayeniombea kila asubuhi kabla hata ya kukamua ng'ombe?

Nasikia gamboot zake kwa veranda. Kawaida hapa ndipo nasukuma simu chini ya blanketi.

"Chebet, umelala?"

Sijalala, Mama. Ingia. Simu nimeiacha juu ya mto, na huu ukurasa uko wazi.