Lita Ishirini za Meneja

Kibiti, Mfunguo Saba

Kaka Mshamu,

Meneja kaishiwa mafuta njiani. Nimeona nianze na hilo kabla ya salamu, maana ungekuwa hai ungeniambia, "Athumani, salamu baadaye, sema kwanza gari limefanya nini." Limezimika, kaka. Limezimika kati ya kivuko cha Ndundu na Ikwiriri, mchana kweupe, mwenyewe akiwa kwenye usukani na viatu vyake vile vya kung'aa.

Najua barua hii haina posta ya kuifikisha. Mkeo aliponiona na karatasi aliniuliza ninamwandikia nani, nikamwambia wewe. Hakucheka. Alisema, "Mwambie mihogo ya bondeni imeliwa na nguruwe." Basi nimekwambia.

Leo ni mwezi wa nne tangu tukuzike kijijini kwako Dimani. Kuna jambo la siku ile hukuliona, na mimi ndilo linaloninyima raha. Meneja alikuja. Watu wakasema, ahaa, hata kama alimfukuza kazi, amekuja kumsitiri mwenzake. Kumbe! Alisimamisha pikapu yake kando ya mikorosho, akapandisha vioo, akabaki ndani na injini inanguruma. Kiyoyozi, kaka. Sisi tunakufukia mchanga, yeye anajipuliza baridi. Tulikuombea dua, tukaitikia amina, na kila tukinyamaza nasikia injini ile. Mtu aliyekuita mwizi wa dizeli aliichoma dizeli hiyohiyo tangu mwanzo wa maziko mpaka mwisho, ili asitoke jasho mbele ya kaburi lako. Kisha akateremsha kioo kidogo, akampungia mkono imamu, akaondoka.

Siwezi kusema alikuua. Homa ndiyo iliyokuua, na siku za Mungu zilikuwa zimekwisha. Lakini ulikufa ukiwa na jina alilokupa yeye, na jina hilo mimi nilisaidia kukubandika. Nitafika hapo. Niache kwanza nimseme yeye, kwa kuwa kumsema yeye ni rahisi zaidi.

Unakumbuka gari lilipokuja? Ndiyo kwanza serikali imeruhusu watu binafsi kununua mazao, kila mwenye mizani anajiita kampuni, na Meneja akashuka kutoka Dar es Salaam na pikapu nyeupe ya turbo, magurudumu yote manne yanavuta. Wachukuzi waliizunguka kama bibi harusi. Alikuwa na kijitabu chake mkononi, kile kilichokuja na gari. Muuzaji wa dukani, kijana wa tai, alikuwa amemwambia kwamba lita moja inakwenda kilomita kumi na mbili, naye akalikariri neno hilo kama mtoto wa chuoni. Turbo, akatufundisha, wewe dereva na mimi utingo wako, inautumia tena moshi unaotoka, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Wewe uliyeendesha lori la ushirika tangu ndevu zako nyeusi, ulimsikiliza mpaka mwisho, ukamuuliza swali moja tu:

"Bosi, hizo kilomita kumi na mbili ni za barabara ya wapi?"

Akakucheka. Akasema, "Mzee, gari halijui barabara."

Gari halijui barabara! Labda la kwao. La kwetu lilijua mchanga wa Kibiti, lilijua tope jeusi la bondeni linaloshika tairi kama gundi. Lilijua gunia za ufuta zilizopangwa mpaka springi zinalala, na kutembea kwa gia ndogo, magurudumu manne yamefungwa, kutoka shamba hili hadi lile kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani. Na foleni ya kivuko je? Sisi wawili tungezima gari tukakaa juu ya gunia, tukatafuna muhogo wa kuchoma. Lakini siku akiwepo yeye ilikuwa, "Usizime, kuna joto." Saa mbili gari linakunywa na halijasogea hatua. Ile nayo hesabu yake ni kilomita ngapi kwa lita?

Mguu wako niliuona miaka mitatu. Hakuna mguu mwepesi kama ule Rufiji nzima. Uliniambia, "Kanyaga kama chini kuna yai, na ukisikia turbo inapiga mluzi, ujue umekwisha mfungulia bomba." Ukifika uliacha injini ipumue kidogo ndipo uzime, ili turbo isiungue. Kila asubuhi ulimwaga maji kwenye chujio la dizeli. Ndiye huyo aliyeitwa mwizi.

Ile siku ya ghalani sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Lakini nataka uone kwamba nami ninaikumbuka, sijajifanya nimesahau. Kinamama wanapepeta ufuta, wachukuzi wamepumzika kivulini. Meneja akatoka na kitabu cha safari na kijitabu chake kile, akavishika pamoja kama hakimu.

"Kijitabu cha gari kinasema kumi na mbili. Mshamu anasema sita. Nusu ya mafuta yangu inakwenda wapi? Inakwenda Dimani kwenye madumu!"

Ukasema, "Bosi, panda twende wote ukaone."

Akanigeukia mimi. "Athumani, wewe unasafiri naye kila siku. Hujawahi kumwona akinyonya mafuta?"

Jibu lilikuwa neno moja. Hapana. Mtoto mdogo angelisema. Nami, kaka, niliangalia chini nikasema, "Sijui."

Sikuona chochote kwa miaka mitatu zaidi ya mtu mwaminifu, na nikasema sijui. Niliogopa kazi. Pia, na hili sijamwambia mtu, niliutaka usukani. Ninamdharau Meneja, lakini yeye angalau alikuwa mjinga, haijui barabara. Mimi niliijua kila shimo lake.

Ulifuta funguo kwa shati lako ukanipa. Ukasema, "Angalia maji ya rejeta, linavuja kidogo upande wa kulia." Ukaenda zako kwa miguu.

Nikaendesha. Wiki ya kwanza, lita moja kilomita sita. Wiki ya pili, sita na kitu. Mvua zilipoanza, nne. Nikayaandika hivyohivyo, naye akanikodolea macho, "Nawe umeambukizwa ugonjwa wa Mshamu?" Wakati huo bado ulikuwa hai. Ningeweza kupanda Dimani nikakwambia, "Kaka, gari limekutetea." Nikasema nitakuja Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyingine. Nilipokuja, nilikuja kukuchimbia.

Baada ya maziko yale, na kiyoyozi kile, mdomo wangu ukafunguka. Nilimwendea ofisini nikamwambia, "Meneja, pima mwenyewe. Mimina kwa mkono wako, kaa ndani ya gari, tuone."

Akafurahi! Mjinga akiitwa kwenye aibu yake huona anaitwa karamuni. Tangi likamwagwa mpaka likakauka. Akashika dumu la lita ishirini, akamimina mwenyewe, tone kwa tone, wachukuzi wanatazama. "Ishirini mara kumi na mbili," akasema, "mia mbili na arobaini. Kwenda Nyamwage na kurudi haifiki hata mia na hamsini. Tutarudi na yatabaki ya kesho." Nikamwomba tubebe dumu la akiba. Akaniangalia kama kanishika na kisu. "Hakuna dumu. Dumu ndiyo njia ya wizi."

Haya. Tukaenda. Mimi niliendesha kwa mguu wako, yai chini, wala sikutaka hila, nilitaka haki. Kiyoyozi kakiwasha kabla hatujatoka getini. Ndundu tukasubiri pantoni, injini inawaka, yeye anasoma gazeti. Nyamwage tukapakia ufuta mpaka juu. Mshale ulikuwa umeshuka kuliko alivyotaka, akaugonga kwa kidole.

"Umeendesha vibaya. Shuka, nikuonyeshe."

Akashika usukani. Loo, kaka! Yule hakanyagi, anapiga teke. Turbo ilipiga mluzi kutoka Nyamwage mpaka mtoni. Penye mchanga akafunga magurudumu manne, penye udongo mgumu akasahau kuyafungua, tukaenda tunalalamika vyuma vyote. Nikamwambia. Akasema anajua. Tukavuka kivuko. Tukapanda kutoka mtoni, mbele kidogo gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Unajua ukimya wa gari lililokauka mafuta. Akazungusha funguo mpaka betri ikaanza kuchoka. Basi la kusini likapita, watu wamejaa madirishani. Hatimaye ikaja trekta kutoka mashambani, dereva wake mzee mmoja wa Ikwiriri asiyemjua Meneja wala habari zetu. Akasimama, akalitazama lile gari jeupe, akamtazama na yeye.

"Pole, bosi. Mafuta yamekwisha?"

Meneja akaitikia kwa kichwa.

"Nani kanyonya?"

Nilikwenda nyuma ya gari, kaka. Nilicheka huku nimeuma kiganja, kisha kicheko kikageuka, nikalia. Mzee yule akatupa dizeli kwenye dumu la mafuta ya kula. Gari la dizeli likikauka huvuta hewa, haliwaki kwa kujazwa tu. Meneja hilo hakulijua, alidhani limekufa kabisa. Nikafungua boneti, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono kama ulivyonionyesha pale Muhoro, mpaka povu likaisha. Likawaka. Naye amesimama kando, matope mpaka kwenye soksi, hajui ashike nini. Nikasoma mita nikamtajia: tangu tutoke Kibiti, kila lita imetupa kilomita sita, pungufu kidogo. Hesabu yako ileile. Na wewe hukuwa unalipiga teke.

Karibu na Kibiti akasema, "Athumani, haya yabaki kati yetu."

Kesho yake akanituma kwa mkeo na sukari na doti ya kanga. Nikaenda, nikamweleza Shemeji Somoe yote. Alikuwa anatwanga, hakusimamisha mchi mpaka nilipomaliza.

"Mume wangu alitukanwa wapi?"

Nikasema, "Ghalani, mbele ya watu."

"Basi radhi yake usiniletee nyumbani, kama mtu anarudisha ungo. Mwambie nitakuja ghalani. Na sukari yake umrudishie."

Nikamrudishia. Nikamwambia Meneja kwamba asipotoka mbele ya watu siku atakayokuja Shemeji, achukue na funguo zake, atafute anayejua njia za bondeni katikati ya msimu wa ufuta. Usidhani alitoka kwa utu. Alitoka kwa kuwa hakuwa na dereva mwingine.

Shemeji akaja na kaniki ya eda, na shangazi yako pembeni. Kinamama wakaacha kupepeta. Meneja akasafisha koo, akaanza, "Kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi katika makadirio..."

Shemeji akamkata. "Makadirio hayana mdomo. Nani alisema Mshamu mwizi?"

Meneja akawatazama wachukuzi. Akasema, "Mimi."

"Aliiba?"

"Hakuiba."

"Sema na jina lake."

"Mshamu hakuiba."

Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamnyamazisha kwa kuwa ni msiba, na yeye akakipiga tena. Meneja akageuka aingie ndani. Mimi nikasimama kabla watu hawajatawanyika. Niliyasema yote, kaka: niliyoyaona kwa miaka mitatu, nilivyoulizwa, nilivyojibu, na kwa nini. Hata lile la kuutaka usukani. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Shemeji Somoe akanitazama. Nilidhani atanitemea mate, na ningeyapokea. Akasema, "Wewe shemeji, nitakujibu siku nyingine," akajifunga vizuri nguo yake, akaondoka na shangazi.

Bado ninaiendesha ile pikapu. Meneja sasa ananikwepa macho, na kijitabu chake sikioni tena mezani. Kwenye kitabu cha safari ninaandika sita, anatia sahihi haraka kama mtu anayemeza kwinini. Simuonei huruma. Labda itakuja, sijaitafuta.

Jana shemeji amenitumia neno. Anasema mihogo itapandwa upya, nguruwe watawekewa boma, na hana mwanamume wa kulima. Anasema nije na jembe langu, na jibu langu atanipa palizi ikiisha.

Basi kaka, lala salama, Mungu akupanulie nafasi huko uliko. Ninakuahidi hivi: Jumamosi nitakuwa shambani kwako kabla jua halijapanda. Nitalima, nitapanda, nitajenga boma, nitapalilia mpaka mstari wa mwisho. Akinisamehe, nitarudi msimu ujao. Na akinifukuza, nitakung'uta jembe na kuondoka, lakini palizi itakuwa imekwisha.

Mimi mdogo wako,
Athumani