Nyanya Zako Tulizokula Msibani

Mwaka mmoja umetimia, Baba yetu Ebeneza Mtewele, tangu asubuhi ile ya Februari ulipokaa kwenye kigoda nje ya jiko, hapa Mjimwema, ukasema kifua kinabana. Gari lilipofika ulikuwa umeshatuacha. Mvua haikukatika siku tatu, na watu nao hawakukatika.

Wengi walitoka Lupembe. Kule ulipima majani ya chai miaka ishirini na sita, na wakulima walisimulia jinsi ulivyomzuia dereva wa lori asiondoke kwa sababu kuna bibi mmoja bado yuko njiani na kikapu chake. Dereva akipiga honi kwa hasira, ulimwambia, "Piga tena, bibi asikie kwamba tupo."

Ulipostaafu, uvumilivu huo ukauhamishia kwenye nyanya. Zilikuwa za bibi yetu, mama yako: kubwa, zenye mikunjo kama boga, mabega yake ya kijani hata zikiiva. Kila Septemba ulizisia kwenye makopo. Jua likitoka unayapanga barazani, likizama unayaingiza jikoni, maana baridi ya huku unaijua. Shangazi Priska akija kutoka Kitandililo alikucheka.

"Kaka, mwanaume mzima unalea makopo. Na zenyewe hazifiki hata Makambako kabla hazijapasuka."

"Sikuzipanda zisafiri," ulimjibu. Alipoaga ulimfungia mbegu kwenye karatasi, ukaandika mwaka juu yake.

Leo tunakuambia jambo ambalo Mama amelibeba mwaka mzima. Yeye mwenyewe ametuomba tuliandike, na tuliandike lilivyokuwa.

Siku ya pili ya msiba, Mama alikuwa amekalishwa kwenye godoro chumbani na akina mama wa usharika. Margareth, aliyekuwa anaongoza wapishi, aliingia akainama sikioni mwake.

"Pole, Mama. Nyanya zimetuishia na watu bado wanaingia. Tuchume bustanini?"

"Chumeni."

"Na ile miti yenye vitambaa?"

Vitambaa vile ulivifunga wewe kwa mkono wako. Ndiyo miti uliyoichagua kwa ajili ya mbegu, na hakuna aliyekuwa anaigusa. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Akasema, "Chumeni zote. Mwenyewe hayupo."

Zikaisha siku hiyo hiyo. Watu walisifu mchuzi.

Wiki tatu baadaye, wageni wakiwa wameondoka, Mama alifungua kabati akaona chupa yako ya mbegu. Ilikuwa imeoshwa, kavu, haina kitu. Kama kila Septemba, baada ya kusia ulikuwa umegawa mbegu yote iliyobaki ukisubiri mpya. Alizunguka kwa majirani, akaenda hadi kwa wanakwaya. Jibu lilikuwa moja kila nyumba: tulipanda, tukala, hatukuweka, tulijua kwa Mzee Ebeneza hazikosi.

Baada ya hapo Mama hakukanyaga tena bustanini. Majani yakaota mpaka dirishani. Tulipomwambia kwamba msiba una mambo mengi, asijilaumu, alisema, "Alizitunza tangu mama yake alipofariki. Mimi nimezimaliza kwa neno moja." Alikonda, Baba. Tulianza kuogopa kwamba tutampoteza na yeye.

Mwezi wa nane aliomba apelekwe Kitandililo. Mbegu ilikuwa ya mama yenu, kwa hiyo aliona lazima amwambie Shangazi uso kwa uso. Binti yako Anneth alimsindikiza. Walipofika hata soda hakuigusa.

"Wifi," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Mbegu ya mama yenu imeishia mikononi mwangu." Akaeleza yote, mpaka lile neno lenyewe.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la vifungo lililojaa masizi. Chini ya vifungo kulikuwa na karatasi nne zilizokunjwa, zenye mwandiko wako.

"Wifi, na mimi nina langu. Kila mwaka alinipa, na kila mwaka aliponipigia simu nilimwambia zimezaa mpaka matawi yanavunjika. Sikupanda hata moja."

"Ulikuwa unamdanganya?"

"Miaka minne. Mgongo wa kuinamia makopo nautoa wapi? Safari moja akaniuliza kama zina mikunjo. Nikamwambia, kaka, mikunjo tele."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari, na kabla kicheko hakijaisha kikawa kilio. Shangazi naye akalia. Walishikana hapo barazani muda mrefu, na Anneth akaenda kusimama uani.

Septemba Mama aliingia bustanini na jembe. Alifanya kama alivyokuona ukifanya, mengine bila kujua sababu yake. Kopo la Shangazi lilikaa miaka yote kwenye rafu juu ya mafiga, na joto na moshi vilikuwa vimeziharibu mbegu nyingi. Zikaota sita tu. Wadudu wa sota wakakata miche miwili. Mvua zilipokolea, ukungu ukachukua mitatu, ingawa mwanao Abrahamu alitandaza nailoni juu kama ulivyomfundisha. Ukabaki mti mmoja.

Margareth alisikia. Alikuja Jumamosi moja akasimama getini, hataki kuingia.

"Mama, mimi ndiye niliyezichuma."

"Uliniuliza kwanza, mwanangu. Jibu lilikuwa langu. Ingia, nishikie huu mti niufunge."

Wiki iliyopita nyanya ya kwanza iliiva. Ina mikunjo, na mabega yake ni ya kijani. Mama aliikata, akaminya mbegu kwenye kikombe ili zikae siku tatu, mpaka litoke lile povu lenye harufu uliyokuwa ukituomba tuivumilie. Nyama yake iliyobaki aliigawa vipande vidogo, akatia chumvi. Tulikula tumesimama jikoni, tukimtazama yeye.

"Ndiyo yenyewe, Mama?" Abrahamu aliuliza.

Mama alitafuna taratibu.

"Sijui," alisema. "Miaka yote alikuwa ananikatia kipande, ananiletea hata kama niko kwenye kufua. Ananiambia, 'Mama Anneth, hebu onja hii.' Nami nasema nzuri, nzuri, huku nawaza mambo mengine. Sikuwahi kuionja sawasawa."

Na sisi tulikuwa vilevile. Tulikula nyanya zako maisha yetu yote, Baba, na aliyezijua ni wewe peke yako.

Mbegu zimekauka kwenye sahani ya bati. Mama amezipanga mojamoja kwa ncha ya kisu na hataki mtu azisogelee. Tutazisia mwezi wa tisa, tukijua tu kwamba huenda ndizo.

Unakumbukwa na mke wako Lucia, watoto wako Anneth na Abrahamu, dada yako Priska wa Kitandililo, wakwe na wajukuu zako, Margareth na majirani wote wa Mjimwema, pamoja na wakulima wa Lupembe uliowasubiri. Ibada ya kukukumbuka itafanyika nyumbani Jumamosi hii saa nne asubuhi.

Pumzika, Baba. Siku zote tulizobakiziwa, tutakukumbuka.