Nilimwambia Muuguzi Mtoto ni Mzima

Bibi Wuryani, nakuomba uisome barua hii kwenye kipindi chako cha redio cha leo leo, usiiweke foleni, maana ni Jumatatu na mwanangu anaingia chumba cha upasuaji Alhamisi, na mimi nimesema uongo.

Gendhis ana miaka minne, vinyama vinamwota kooni, wakivikata vinarudi, hii ni mara ya tatu, sauti imebaki mnong'ono tu na akicheza kidogo anahema mpaka shingo inabonyea, na tarehe hii tumeingoja wiki tisa. Daktari wa dawa ya usingizi alinieleza vizuri, akasema, "Mama, hatutampitisha mpira kooni, maana njia ya hewa ndiyo hiyohiyo tunayoifanyia kazi. Atalala akipumua mwenyewe, nasi tutampulizia oksijeni ya uvuguvugu puani muda wote." Basi Jumamosi pua ikaanza kutiririka, kamasi zito, kikohozi, joto, na mama mkwe akasema ni upepo tu umemwingia, akamlaza kifudifudi akamkwangua mgongo kwa kitunguu na mafuta ati upepo utoke, mpaka michirizi myekundu ikajaa mabegani hadi kiunoni. Leo asubuhi muuguzi akapiga simu, "Mtoto ana mafua? Kikohozi? Homa?" nami nikajibu, "Hana, mzima kabisa," niliona haya kuwasumbua, na wali wa manjano wa kumwombea tulishawagawia majirani wote kwa tarehe hiyo, na mama mkwe akanikonyeza, "Umejibu vyema! Alhamisi mvalishe fulana ndefu, nani atamfunua mgongo?"

Bibi, naogopa. Pua imeziba, sasa hiyo oksijeni itapita wapi? Na nikisema kweli wakaturudisha, je, koo likizibia nyumbani? Jana kaninong'oneza, "Mama, nikipona nitaimba?"

Mama Gendhis, Klaten

*

Mama Gendhis, kama unanisikia, punguza redio, chukua simu, mpigie muuguzi yule sasa hivi. Mengine utayasikia baadaye.

Pole, mwanangu. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka ishirini na sita, hofu hiyo naijua. Lakini lazima nikugombeze. Unaona haya kumsumbua muuguzi kwa simu, huoni haya kumpeleka mtoto meza ya upasuaji na siri mgongoni? Koo lenye mafua likiguswa hukasirika, hujikaza, na oksijeni ya mtoto mdogo hushuka upesi kuliko ya mtu mzima. Na pua ndiyo mlango waliopanga kuutumia! Ulielezwa, ukaelewa, ukanyamaza. Loo!

Unasema watakurudisha. Umejuaje? Huenda wakaahirisha hadi mafua yaishe. Huenda wakaona koo halingoji, wakamfanyia hivyohivyo, ila wakiwa wamejiandaa. Kuamua ni kazi yao, si yako wala ya mama mkwe. Wakiahirisha, usiondoke kwenye simu kabla ya kuuliza tarehe mpya na jina la mtu wa kumpigia. Akianza kuvuta hewa kwa kelele hata akiwa ametulia, mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka rangi, usiniandikie mimi. Mbio hospitali, hata iwe sikukuu.

Mama mkwe mwambie kwa adabu, kitunguu chake kilikuwa cha mapenzi, lakini daktari atauona mgongo na ataambiwa kwa nini uko hivyo. Na wali usikusumbue. Majirani wakiletewa mara ya pili watakula tena, sijasikia mtu akilalamikia wali wa bure.

Gendhis hana sauti ya kumwambia daktari, "Nina mafua." Ana yako tu. Asubuhi uliitumia kumdanganyia. Piga simu, mama, umsemee mtoto.