Usinijibu "Njema"

Ng'ambo,
Tabora.
10 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Awadhi,

Assalaam alaykum. Natumaini Sista Apolinaria atakukuta mzima. Huku Idi imepita vizuri, mvua zimekwisha, na vumbi limeanza kuingia hadi kwenye sukari. Hali yako? Usijibu kwanza. Soma mpaka mwisho ndipo ujibu, maana leo shangazi yako nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hii ni yako.

Nimeandika kwa kalamu kwa makusudi. Kwenye simu nikikuandikia mistari ishirini unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Sista ni mtu wa Kaliua, anakuja huko Krakow kwa masomo na ataondoka Ijumaa. Atakukabidhi barua hii pamoja na chupa mbili za asali ya Ipole. Moja ni yako. Ya pili ina mwenyewe, nitakwambia.

Haya, wanafunzi wako. Uliponipigia mwezi wa tatu ukasema, "Shangazi, umestaafu, umekaa tu, nifundishie hawa jirani zangu Waukraine, wakimbizi wa vita, Kiingereza kwa kompyuta," nilidhani miaka thelathini na moja ya ubao na chaki imeshanionyesha kila aina ya kichwa kigumu. Kumbe bado! Sentensi ya taarifa wanaiweza. Ya amri wanaiweza pia, tena kwa sauti inayonifanya nikae wima. Swali ndiyo balaa. Lugha yao ina kijineno "chy", wanakitanguliza kama sisi tunavyotanguliza "je", na sentensi inabaki kama ilivyokuwa. Siku nyingine hata hicho hawakiweki, wanapandisha sauti tu. Sasa mweleze mtu wa namna hiyo kwamba Mwingereza hawezi kukuuliza kama unakunywa chai mpaka kwanza amwite "do" aje asimame mbele. Lesia, yule wa miwani, akaniuliza huyo "do" anafanya kazi gani pale. Nikamwambia nimemsimamisha pale miaka yote hiyo na mimi mwenyewe sijui.

Na umeme nao! Unakatika kila nikifika katikati ya zoezi.

Lakini hayo ningeyavumilia. Nakuandikia kwa ajili ya Halyna. Ni muuguzi, mtu mzima wa miaka arobaini na mitano, binti yake yuko Ayalandi peke yake, na hospitali ya huko iko tayari kumchukua mama akifaulu mtihani wa mazungumzo Alhamisi tarehe 26. Mtihani wenyewe ni kumwuliza mgonjwa maswali. Na kuuliza ndiko kulikomshinda kuliko wote. Wiki tatu tangu ajiunge hakunitolea swali moja lililonyooka.

Sasa wajua kipindi changu kilivyo. Siingii kwenye somo bila salamu. Umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto, wazazi, mume, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja anaitikia kuwa wote ni wazima. Ndivyo tulivyolelewa. Unamkumbuka Bwana Abasi fundi cherehani? Siku mkewe alipofariki nilimwuliza habari za nyumbani, akaniambia, "Njema tu, mwalimu, ila mama watoto ametutoka alfajiri." Njema kwanza, mengine baadaye. Halyna alikuwa ananyamaza. Nikiuliza nyumbani hawajambo, ananitazama tu kwenye kioo cha kompyuta. Mara ya kwanza nikapita. Mara ya pili nikapita. Mara ya tatu nikaona huu sasa ni utovu wa adabu, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba kwetu salamu huitikiwa hata kama nyumba inaungua.

Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza kisicho na kasoro hata moja, kwa nini nauliza kama jibu silitaki. Kila neno mahali pake! Lilikuwa swali lake la kwanza sahihi. Nami, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo kumpongeza. Kioo kikawa cheusi, amejitoa. Leo ni siku ya tisa hajarudi.

Lesia ndiye aliyenipigia kunieleza. Nyumba yake kule kwao imeungua kweli, Awadhi. Mume hajulikani alipo tangu Oktoba. Nami nilikuwa namwamrisha aseme wote wazima, asante.

Wewe ulijua! Ulinitumia jina lake, umri wake, tarehe ya mtihani, hata saa anayopenda kusoma. Hili moja ukaliacha. Ulidhani nitalifanyia nini? Najua kosa ni langu, mdomo ni wangu, sikutupii wewe. Usingizi nimeukosa kwa aibu. Lakini ungeniambia, nisingemwumiza.

Basi sikiliza. Kwetu ukimkosea mtu unakwenda mwenyewe, na mimi siwezi kufika, kwa hiyo miguu yako ndiyo yangu. Mpelekee ile chupa ya pili. Usiongee ukiwa umesimama mlangoni, omba kuketi. Mwambie mwalimu Zamda amekosa na anaomba radhi. Mwambie kuanzia sasa nikimwuliza habari ajibu lililopo, na siku isiyo na jibu tutaendelea na somo. Nimemwandalia maswali arobaini ya mgonjwa. Kila siku saa nne asubuhi kwa saa zetu nitakuwa nimekaa mbele ya kompyuta, aje asije, mpaka tarehe 26. Mgonjwa nitakuwa mimi, magoti yangu yana maradhi ya kutosha.

Kulwa mdogo wako anakusalimu, anauliza viatu vyake ni namba ngapi kwa vipimo vya huko. Bwana Abasi naye anakusalimu sana.

Sasa la mwisho. Lesia alipomaliza habari za Halyna akaniuliza kama kidonda chako kimepona. Kidonda gani? Akashangaa, alidhani najua. Kumbe mwezi wa pili ulipasuliwa kidole tumbo, ukalala hospitali siku kumi na moja, na wanawake hawa ndio waliokuletea supu. Nimefungua simu nikatafuta siku hizo. Nilikuuliza hali mara sita. Mara sita umeandika "njema, shangazi".

Halyna alinyamaza. Angalau yeye hakunidanganya.

Mungu akuhifadhi mwanangu, akupe afya, na akuzungushie watu wema kama hao wa supu. Nakuuliza upya, na safari hii jibu nalitaka, refu, kwa kalamu: hali yako?

Ni mimi shangazi yako akupendaye, hata leo,
Zamda