Barua ya Hassani Niliyoikalia Siku Tano

Jumamosi, Shangani. Mvua ya masika imenyesha tangu asubuhi, na mimi nina jambo ambalo nisipoliandika litanikaba.

Jumatatu daktari alituita, mimi na mume wangu Yohana, kutusomea majibu yaliyotoka Dar es Salaam. Ni miezi miwili tangu Yohana atolewe figo la kushoto lenye saratani. Daktari alieleza taratibu wanachokitazama: ukubwa wa uvimbe, kama umetokeza nje ya figo, kama umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu.

Wa Yohana umeingia kwenye mshipa.

"Siku za mtu anazijua Mungu," alisema daktari. "Lakini kwa ninayoyaona hapa, mwaka ukipita tushukuru."

Yohana alisema asante, kama mtu aliyepewa stakabadhi pale bandarini anakofanya kazi.

Tukiwa mlangoni, daktari aliniita tena. Alikuwa na barua ya majibu ya Hassani, mkulima wa korosho wa kijiji kilicho mbele ya Mtawanya, ninakofundisha. Hassani na Yohana walipasuliwa wiki moja. Mimi na mkewe, Somoe, tulilala mkeka mmoja kwenye baraza ya hospitali, tukala sahani moja.

"Mpelekee, Mwalimu. Ni habari njema. Uvimbe wake ulikuwa bado umo ndani ya figo. Huyu anaweza kuzeeka."

Nikaitia mkobani.

Siku tano nimekaa na barua ile, nikienda nayo shule na kurudi nayo. Nilijiambia ni mvua, ni baiskeli, ni madaftari ya kusahihisha. Uongo mtupu. Ulikuwa wivu. Hassani amevuta tumbaku tangu ujana wake; Yohana hajaigusa. Kwa nini apone yeye? Nilimwona Somoe akizeeka na mumewe, wakianika mihogo uani, nami nikamchukia kwa uzee ambao hata hajaufikia. Nilitaka aonje hofu yangu, japo kidogo.

Leo nimekwenda.

Nilimkuta Hassani ameketi na kaka zake wawili, anawagawia mikorosho yake iliyobaki mahameni, makazi yao ya zamani, walipohamishiwa kijijini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujizika.

Hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Somoe alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Alipojifunua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Na Baba Neema je?" Ndivyo anavyomwita Yohana, kwa jina la binti yetu.

Nikamwambia. Alinishika mikono yote miwili akalia, zaidi kuliko alivyolilia furaha yake.

Ningeweza kunyamaza. Wala asingejua.

"Barua nilipewa Jumatatu," nikasema. "Nilikuwa nayo."

Aliniachia mikono.

"Tangu Jumatatu, aliposikia majibu yametoka na yeye hakuitwa, hajala, Mwalimu," alisema. "Uji nilikuwa namlisha kwa kijiko, anautema."

Kunisindikiza alinisindikiza, mpaka njia panda. Pale akasema tu, "Msalimie Baba Neema," akageuka.

Jioni nimemweleza Yohana yote. Nilidhani atanikemea. Alisema, "Basi nyumba moja kati ya zile mbili itabaki na baba. Nimefurahi." Akaomba chai.

Anayekufa hana wivu. Mimi mwenye afya ndiye niliye nao, hata sasa kalamu ikiwa mkononi. Nikimfikiria Hassani akila wali leo, nauliza tena: kwa nini yeye?

Jumamosi ijayo nitarudi kwa Somoe kumwomba radhi. Lakini mtu huombaje radhi kwa jambo ambalo bado limo moyoni mwake?

Nitakwenda hivyo hivyo.