Nyota Tatu Kutoka kwa Kobe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa dawa za wiki hii. Watu huuliza hali kwa mazoea tu wanapoandika barua. Mimi nauliza nikitaka jibu. Umeweza kula? Kichefuchefu kimepungua, au bado harufu ya sabuni inakukimbiza bafuni? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ningekutumia ujumbe, lakini simu yako kutwa iko mikononi mwa binti yako, na haya sipendi ayaone kabla yako.

Kazini tunaendelea. Tovuti yetu ya watoto imejaa wageni likizo hii, na yule Kobe mwenye miwani anayejibu maswali amewashinda umaarufu hata wanyama wa michezo ya hesabu. Mchoraji wetu ananitania kwamba mimi ndiye kobe pekee duniani anayelipwa mshahara, na kwamba nimeanza hata kurefusha shingo. Utaratibu wetu unaujua: mtoto anaandika swali, umri wake na jina la mnyama analojichagulia, nasi hatumjui zaidi ya hapo. Juzi mmoja aliuliza nani alimfundisha mwalimu wa kwanza. Mwingine alitaka kujua kama samaki hukojoa, akaomba ajibiwe haraka kwa kuwa maji ya mto ameshayanywa. Nilicheka peke yangu mpaka mhariri akaja kuchungulia.

Huyo mhariri ana sheria mbili asizozifanyia mzaha: Kobe hasemi uongo, na kila jibu liishie kwenye chemsha bongo, ili mtoto apate nyota na arudi tena. Nilizipenda sheria hizo. Nilijiona mtu mwenye kazi safi.

Wiki chache baada ya wewe kunyoa kichwa, mtoto wa miaka tisa aliyejiita Nungunungu aliuliza kwa nini mtu mzima anaweza kupukutika nywele zote, hata nyusi. Nilimjibu kama ninavyojibu kuhusu mvua au volkano. Nikaeleza kwamba mara nyingi ni kwa sababu ya dawa kali za saratani. Kwamba dawa hizo huwinda seli zinazokua upesi, na kwa kuwa nywele nazo hukua upesi, hupigwa pamoja na ugonjwa. Nikaongeza kwamba kwa kawaida huota tena. Kisha nikauliza chemsha bongo yangu: sehemu gani za mwili hazioti nywele kabisa? Nungunungu akajibu viganja na nyayo. Nikampa nyota tatu, na Kobe akapiga sarakasi kwenye skrini. Sikujiuliza mtoto ameliokota wapi swali kama lile. Nikafungua la mwingine.

Jana ameandika tena. Amemweleza Kobe kwamba mama yake anasema amenyoa kwa sababu ya joto, lakini yeye amefikiri, akaona nyusi hazimpi mtu joto. Anasema hamuulizi, kwa sababu mama yake akiulizwa jambo gumu huanza kuimba.

Dada, nilijua papo hapo. Uongo wa joto tuliutunga pamoja, mimi nawe, jikoni kwako, tukakubaliana asiambiwe mpaka majibu ya hospitali yatoke. Na mtu anayeimba akibanwa namfahamu mmoja tu.

Binti yako anajua. Ameambiwa na mimi, mama yake mdogo, kwa sauti ya mnyama wa kuchorwa, na nyota akapewa. Ulinisimulia jinsi siku hizi alivyotulia, anafua soksi zake, hata pipi haombi, ukafurahi kwamba amekua. Hajakua, dada. Anakuchunga.

Sijutii kwamba jibu lilikuwa la kweli. Najuta kwamba watoto wa watu sikuthubutu kuwadanganya, wa kwetu nikamdanganya uso kwa uso. Na ukweli ulipomfikia, ulimkuta peke yake, hana wa kumshika mkono.

Kuna swali moja amelitanguliza mbele ya mengine. Anauliza kama mtoto akimkumbatia kwa nguvu mtu anayetumia dawa hizo, atamwumiza. Nadhani umekwisha kuona kwamba hakukumbatii kama zamani. Mhariri ameniuliza mara mbili mbona Kobe kanyamaza. Nimemwambia swali hili si la Kobe. Jibu lake liko kwako, na wala halihitaji kuandikwa. Ukimaliza kusoma, mwite.

Nisalimie shemeji, mwambie namwombea nguvu. Jumamosi nitakuja. Mkinifungulia nitashukuru, mkiniacha nje kidogo, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuomba radhi.