Sauti Ikikatika

Alhamisi, Uthiru

Koo bado linaniwasha. Vumbi la yadi ya treni, na hii redio ya mkononi inayotaka nipige kelele kutwa nzima.

Dereva wangu Mutiso akirudisha treni nyuma haoni kitu, mimi ndiye macho yake. Namhesabia umbali kwa mabehewa: "Tatu. Mbili. Moja. Nusu. Busu." Busu ni pale mabehewa yanapogusana polepole. Wageni hucheka wakisikia. Sisi tulishaacha kucheka.

Leo hesabu ilifika "Mbili", kikohozi kikanishika. Nilinyamaza kidogo tu, treni ikasimama. Ndiyo sheria yetu: hesabu ikikatika, dereva anafunga breki, hata njia ikiwa wazi. Bosi wa zamu akaanza kufoka eti tunachelewesha kazi. Mutiso akatoa kichwa dirishani. "Bosi, nisipomsikia Wafula, siendi. Pengine ameanguka kwa reli."

Nilikuwa nimechoka, hata asante sikumwambia.

Nimefika nyumbani, mke wangu Rose akaniwekea ugali mezani, akarudi jikoni. Zamani kabla sijavua viatu tayari alikuwa ameshaanza: maji yamepotea tena, jirani kasema hivi, sukuma wiki imepanda bei. Tangu atoke kliniki Jumatatu ni "chakula ndio hicho" basi. Sijamuuliza waliona nini. Nakula, nalala, naamka, natoka. Naogopa jibu.

Sauti yake imekatika tangu Jumatatu, na mimi naendelea tu kama treni isiyo na dereva.

Bado namsikia akisugua sufuria ileile. Wacha niende jikoni nikamuulize.